Kidoko cha Chemba

Mjomba wangu alikuwa mtu wa maswali. Swali la kwanza alilonipelekea baada ya mimi kuhamia bara lilikuja kwa ujumbe wa simu, usiku mmoja wa Aprili, mwaka 2012, nami nililipokea nikiwa nimesimama juu ya jabali, huko Chemba, nimeinyanyua simu juu ya kichwa kama mtu atwekaye bendera. Lilikuwa hivi:

Nauliza wa barani huko bahari mwaona?
Samaki yupo mtoni au hata jina hana?
Chumvi mwapata dukani au mwalamba ya jana?
Nijibu wangu mwandani usingizi mie sina.

Mpenzi wa ushairi ataona mara moja kwamba baina ya ukwapi na utao hamna mkato hata mmoja. Nami niliona, na kwa kuwa ni yeye aliyenifunza kutenga vipande hivyo tangu nikiwa mtoto wa chuoni, nilimkumbusha kwa adabu. Akanijibu kwamba amehesabu. Ukitia mikato minne, ubeti wote, pamoja na nafasi zake, hufika 162, na simu hupokea 160. Mikato ikiondoka, hubaki 158. "Nimeibakisha kinywani," akaandika. "Wewe isome kwa pumzi."

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili. Nilihitimu Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2011, na nilipopangiwa kituo, nilikuta jina la Chemba, mahali ambapo sikupata kupasikia. Wakati ule Chemba ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kondoa. Ilitengwa ikawa wilaya mwaka huohuo wa 2012. Barabara ya kutoka Dodoma ilikuwa ya vumbi jekundu, na abiria aliposhuka garini alijipangusa nyusi kwanza ndipo akawasalimu wenyeji. Hapo hukutana Warangi, Waburunge, Wasandawe na Wagogo, na Kiswahili ndicho kiunganishi chao sokoni. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Disemba hata Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka, mito hugeuka njia za mchanga, na mibuyu husimama mitupu kama majahazi yaliyopandishwa pwani kupigwa kalafati.

Nilimjibu mjomba kwamba bahari ipo, ila ni ya manjano: ni alizeti inapochanua, ikapigwa na upepo wa jioni ikainama yote kwa pamoja. Kuhusu samaki nilisema kwamba dagaa huja kwa lori, nao jina wanalo. Kuhusu chumvi nilinyamaza, kwani alikuwa amenishinda.

Simu niliyomjibia niliinunua Kariakoo, mtumba, kwa mshahara wangu wa kwanza. Watu waliiita simu ya slaidi. Ukiitazama ilivyofungwa ilikuwa kioo kitupu, nene kuliko wenzake. Ukiisukuma kioo kwa vidole gumba kwenda upande, chini yake hutokeza kibodi nzima yenye vitufe vya kweli, kila herufi na kitufe chake. Ilipofika mwisho wa njia yake ilipiga mlio mmoja mkavu, tak. Wanafunzi wangu waliupenda mlio huo. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisema, "Mwalimu, simu yako inapiga kidoko."

Kidoko, kwa asiyelijua neno, ni ule mlio wa ulimi unaobanduliwa ghafla kwenye kaakaa. Sisi wa visiwani tunautumia kumhimiza punda, au kuonesha masikitiko pale maneno yasipotosha. Kwa Wasandawe, ambao makazi yao ni upande wa magharibi wa Chemba, huko Kwa Mtoro na Farkwa, vidoko ni konsonanti kama zilivyo kwetu b na t. Neno lao likiondolewa kidoko hubaki pengo.

Skulini nilikuwa na rafiki, mwalimu wa hisabati, Msandawe. Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia ile simu, rangi ya A, I na U ilikuwa imekwisha kufutika vituani, ilhali Q na X ziling'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Kiswahili hakina kazi nazo. Kisha rafiki yangu akaanza kuiazima jioni ili amwandikie dada yake kwa lugha ya kwao. Katika maandishi ya Kisandawe, c, q na x ndizo herufi za vidoko. Haukupita muda mrefu Q na X nazo zikachakaa. Kibodi ile ikawa kama kizingiti cha nyumba ya zamani: ukitazama mahali palipolika, unajua nani amekuwa akipita.

Turudi kwenye ile 160. Kikomo hicho hakikuwekwa na mshairi. Mwaka 1985, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakiandaa kanuni za simu za mkononi, alikaa na mashine yake ya chapa akiandika sentensi za kawaida na kuzihesabu, akaona nyingi hazifiki 160. Kikawa ndicho kipimo. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Disemba 1992. Sidhani kama kuna aliyefikiria ushairi wa Kiswahili. Hata hivyo hebu tazama ilivyoangukia. Ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani 16, jumla mizani 64. Silabi zetu nyingi ni za herufi mbili, chache za tatu. Ongeza nafasi baina ya maneno, na ubeti mmoja huja kusimama palepale penye 160, mara ukizidi kidogo, mara ukipungua. Utenzi, wenye mizani nane kwa mshororo, huingia beti mbili katika ujumbe mmoja. Mjomba alilifurahia jambo hili mno. Alisema Mzungu yule ametupimia kanzu bila ya kutuona mwili.

Kwanza alitaka tuandikiane kwa herufi za Kiarabu, khati aliyoipenda. Tukagundua kuwa ujumbe wa herufi hizo haubebi 160 bali 70 tu, kwa kuwa kila herufi huchukua nafasi kubwa zaidi ndani ya mtambo, na ubeti ukakatika vipande. Akakubali kushindwa, akarudi kwenye A, B, C.

Naye alikuwa akitumia simu ndogo ya vitufe 12, ile ambayo herufi tatu au nne huishi katika kitufe kimoja. Kuandika S ni kubonyeza 7 mara nne. Neno "usingizi" katika ubeti ule, ambalo mimi ningeliandika kwa kubonyeza mara nane, yeye lilimgharimu mara 22. Nikilikumbuka hilo, naona haya kwa kila jibu nililolichelewesha.

Tulijibizana hivyo karibu miaka mitatu. Mimi nilipanda jabalini baada ya sala ya Magharibi, kwani chini, penye nyumba za walimu, mtandao haukufika. Yeye alikaa barazani kwake Ng'ambo, Unguja. Beti alizonipelekea hazikupungua 200. Simu yake haikuwa ikihifadhi alizozipeleka, kwa hiyo nakala iliyokuwapo duniani ilikuwa moja, nayo imo katika ile simu yangu ya slaidi.

Mwaka 2014 alianza kulalamika kwamba kuta zinamsogelea. Daktari akasema ni presha ya macho. Ugonjwa huo una hila: hula pembezoni kwanza, mgonjwa asitambue, mpaka akabaki akiuona ulimwengu kama anayechungulia katika tundu la ufunguo. Kile kilichokwisha kupotea hakirudi. Ilipofika Novemba, beti zake zilikoma. Mjukuu wake aliniandikia kuwa babu haoni tena vitufe.

Hapo nikapata wazo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa jema. Mjomba alikuwa karani mpiga chapa ujanani mwake, na vidole vyake viliyajua makazi ya herufi bila ya kutazama. Mpangilio wa Q, W, E, R, T, Y uliokuwa katika simu yangu ni uleule wa mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo Remington walianza kuiuza mwaka 1874. Tena vitufe vya F na J vilikuwa na vinundu vidogo, kama ilivyo katika kibodi za kompyuta. Nikaazimia kumpelekea simu yangu likizo ya Disemba.

Pamoja na wazo hilo jema nilifanya jambo ambalo kwa ajili yake ninaandika makala haya. Usiku wa kuamkia safari, nikiwa katika nyumba ya wageni Dodoma, niliifuta simu yote. Nilijiambia kwamba zawadi hutolewa ikiwa safi. Ukweli ni kwamba humo mlikuwa na maneno yangu mengine, ya kijana, ambayo sikutaka mjukuu wake ayasome. Badala ya kuyachambua moja moja, nilibonyeza mahali pamoja nikafuta yote, kwa yakini kwamba beti za mjomba nilikwisha kuzinakili daftarini. Niliporudi Chemba, Januari, nikalifungua daftari. Zilikuwa 11.

Lakini kabla ya kulifungua daftari kulikuwa na jioni ile ya barazani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu, karibu, umeleta vumbi la bara." Nikamwekea simu mkononi. Aliipapasa kwanza mgongoni, kisha pembeni, kisha vidole gumba vyake vikasukuma. Tak. Akacheka, akasema, "Kidoko," kwa kuwa kisa cha yule msichana nilikwisha kumsimulia. Vidole vikashuka, vikavipata vile vinundu viwili, vikatulia. Akauliza:

"Na zile beti zangu zimo?"

"Zimo, mjomba."

"Nisomee ile ya chumvi."

Nilijifanya naitazama simu, nikaisoma kwa moyo, kwani hiyo haikupata kunitoka.

"Nisomee ile ya mwezi."

Ile ya mwezi sikuikumbuka. Nilikumbuka vina vyake na mshororo mmoja. Nikaunga mishororo mitatu ya kwangu palepale, nikaisoma kwa sauti ya utulivu. Mjomba alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Nzuri hiyo. Ya nani?"

Sikujibu, naye hakurudia swali. Hiyo ni mara pekee ninayoikumbuka mjomba akiuliza swali akaliachilia.

Beti za Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa yapata mwaka 1840, zilikaa vinywani na katika karatasi za watu kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua, pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, walipozikusanya; na kitabu chake, alichokihariri William Hichens, hakikutoka mpaka mwaka 1940. Miaka 100 zilingoja, zikiwa hazina ulinzi ila mapenzi ya watu waliozighani. Beti za mjomba wangu zilikuwa katika chombo kilichoweza kubeba maktaba nzima, na zilipotea kwa muda wa kufumba na kufumbua, mikononi mwa mtu aliyezipenda.

Kuanzia mwaka 2015 akaanza tena kuniandikia, nami nikizipokea kwa simu mpya ya kioo. Majibu yangu alisomewa na mjukuu. Siku za mwanzo alikosea sana, na makosa yake yalikuwa ya namna ya pekee. Vidole vikianzia nafasi moja kulia, neno zima husogea kulia. Siku moja nilipokea "nsjsto", nikaduwaa. Kisha nikaichukua kibodi, nikairudisha kila herufi hatua moja kushoto: N ikawa B, S ikawa A, J ikawa H, T ikawa R, O ikawa I. Bahari. Nilicheka peke yangu pale jabalini, na nadhani nililia kidogo.

Nimelifikiri sana kosa lile. Kosa la kitufe lina njia ya kurudi. Ukijua mkono ulianzia wapi, unaweza kuufuata mpaka ukalikuta neno. Simu yangu mpya ilikosea kwa namna nyingine. Ilikuwa ikinikisia maneno, na wakati ule haikukijua Kiswahili vyema, ikawa inageuza maneno yetu kuwa ya Kiingereza yaliyo sahihi kabisa. Mpokeaji aliyeyasoma hakuwa na alama ya kumwonesha kilichokuwapo. Na kosa langu mimi, la kule Dodoma, halikuacha hata herufi iliyosogea.

Nisiwe mwenye kudhulumu kioo. Rafiki yangu wa hisabati alinikatalia niliposema vitufe ni bora. Alisema vitufe vile vilimpa Q na X kwa bahati tu, kwa kuwa Sholes aliziweka kwa ajili ya Kiingereza. Kioo humpa herufi yoyote anayoitaka, na alama za toni juu yake, kwa lugha ya mama yake. Nilikuwa sina jibu, na sina hadi leo.

Ile jamii ya simu ilikwisha kuondoka wakati ule. Zilivuma kwa miaka michache: G1 iliyotengenezwa na HTC, ambayo mwaka 2008 ilikuwa simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na kibodi ya kusukuma, zikafuata Nokia N97 na Motorola Droid mwaka 2009, BlackBerry Torch mwaka 2010, Nokia E7 mwaka 2011. BlackBerry Priv ya mwaka 2015 ilikuja soko likiwa limekwisha kugeuka. Kioo kilikuwa chepesi na chembamba, hakikuwa na viungo vya kuchakaa, na kibodi yake ilibadilika kwa kila lugha bila ya kiwanda kutengeneza kitufe kipya.

Ujumbe wa mwisho wa mjomba ulinifikia Machi 2017:

Macho yafunga mlango mkono wanifungua
Vidole vina maringo herufi nazitambua
Pale palipo na pengo kidole kinapajua
Nakuachia kiungo

Hapo basi. Nilingoja ujumbe wa pili. Ulipokucha nikahesabu, kwa desturi aliyonifunza yeye: ulikuwa na 130. Zilibaki nafasi 30, zinazotosha utao wa mizani nane na mkato wake. Hakukatwa na kikomo cha simu. Siku tatu baadaye nilipigiwa kwamba mjomba ametutoka. Safari ilikuwa ya siku mbili, nikawahi hitima tu.

Sijui kama kidole kiliteleza kikaupeleka ujumbe kabla ya wakati, au alichoka akakusudia kumalizia asubuhi. Lakini kila nikiusoma mshororo ule wa tatu, wenye pengo, narudi barazani Disemba ile, nasikia, "Nzuri hiyo. Ya nani?" Nilikuwa nimeziba mapengo ya ubeti wake kwa maneno yangu, nikamwambia ni yake. Safari hii pengo ameliacha yeye mwenyewe, mwishoni, mahali ambapo siwezi kusingizia kuwa silioni.

Simu ilirudi kwangu pamoja na tasbihi yake. Mwaka 2018, mwaka uliofunguliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kibodi yake ikafa. Fundi wa Kondoa aliifungua akanionesha ule mkanda mwembamba wa nyaya unaounganisha kibodi na kioo. Umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara, na wa aina yake haupatikani. "Kiungo ndicho kilichokwisha, mwalimu," akasema, asijue amesema nini.

Bado nipo Chemba. Mtandao siku hizi unafika mpaka jikoni, na jabalini sipandi ila kwa mapenzi. Simu imo mtotoni mwa meza. Haiwaki, lakini ukiisukuma bado hufunguka na kupiga kidoko chake, na vinundu vya F na J bado vipo. Zile beti 11 nimezinakili mara tatu, kwa wino, na nakala moja imo Unguja kwa mjukuu wake. Ile ya mwezi nimeiandika kama nilivyoisoma jioni ile, na chini yake nimeandika ni mishororo mingapi ya kwake na mingapi ya kwangu.

Utao wa mwisho nimejaribu kuutunga kwa miaka, na kila nikiupata naufuta. Kwa hiyo naufikisha kwenu, wapenzi wa ushairi, kama ilivyokuwa ada ya kurasa za mashairi tangu zama za Mambo Leo, jarida lililoanza mwaka 1923, ambapo mtunzi alitupa swali na mwenye jibu akalijibu kwa bahari ileile. Mizani nane, kina cha -ua. Mwenye nao aulete, na chini yake aandike jina lake.